Mashua Iliyokwama Getini kwa Fundi Kesho

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi ambao bado mnadai meza zenu, ketini bila wasiwasi, viti hivyo alivitengeneza marehemu na havivunjiki, kitinda mimba wake awasomee historia yake, kazi aliyopewa kwa sababu kaka na dada wamesoma hadi wakachoka, lakini sauti ya kufika nyuma hawana.

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1956, mtoto wa nne wa mlinzi wa stesheni, katika chumba cha nyuma cha nyumba za reli, na bibi alisimulia kwamba hata kuzaliwa alichelewa, mkunga akaenda akarudi. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli hadi mwaka 1970, akajifunza useremala kwenye karakana ya mabehewa, na mwaka 1982 akafungua karakana yake uani kwetu, ambako jina alilopewa na wazazi lilimezwa, akabaki Fundi Kesho, maana hilo ndilo jibu alilompa kila mteja.

Tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji wa mapazia, akamwahidi kabati la nguo, wakajaliwa watoto watatu, na kabati likaingia chumbani mwaka 1997, kitinda mimba akiwa mgongoni, shahidi kamili.

Februari 2024 daktari alimwambia moyo wake umechoka, na kwa mara ya kwanza Fundi Kesho alizitazama kesho zake akaziona chache. Mwezi uliofuata, badala ya kupumzika, alinunua kwa mpima ardhi mstaafu mashua kuukuu ya tanga, ndogo, ambayo kuku walikuwa wanataga ndani yake, kwa kuwa tangu ujana aliliona ziwa kupitia dirisha la behewa tu, na alimwambia mama kwamba hii haitakuwa ahadi nyingine ya kuzikwa nayo. Aling'oa mbao zilizooza, akaziba nyufa kwa pamba na lami, mama akashona tanga kwa cherehani ya mapazia, akinung'unika kwamba aliolewa na seremala, si nahodha, na mashua ikakamilika siku ile ile aliyosema, majirani wakaja kuitazama kama kupatwa kwa jua.

Asubuhi ya tarehe 17 Agosti lilikuja lori, dereva ameacha mchanga ndani ili mashua ilalie, tukaisukuma juu ya mabomba hadi getini, ikakwama. Geti alikuwa amelipima, ndiyo, lakini kabla ya kuizungushia mashua ukingo wa mbao ngumu, fahari yake, na kuilaza ubavu kungeng'oa mkuku, ule uti wa chuma chini ya tumbo lake. Dereva akawasha injini, ana safari nyingine, naye marehemu akaketi, mkono kifuani, akasema irudishwe uani, geti atalipanua kesho.

Mama akachukua nyundo.

"Wewe kaa hapo, Baba Watoto. Ukuta ndio utajengwa kesho."

Akaipiga nguzo ya geti ambayo marehemu aliijenga mwenyewe na kuisifia maisha yake yote, wasomi wetu wakaleta sururu, nguzo ikalala, mashua ikapita. Jioni hiyo iligusa maji, haikuvuja, mama, ambaye haamini hata maji ya karai, akakaa mbele na kushika kamba aliyoelekezwa, tanga likajaa upepo, na marehemu akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Walitoka hivyo kila Jumamosi hadi Aprili.

Alilazwa tarehe 2 Mei 2025, akafariki alfajiri ya tarehe 5, usingizini, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, dereva wa lori, na maseremala wenzake walioleta jeneza kwa wakati, jambo ambalo lingemshangaza. Jana liliingia nyumbani limenyooka, halikuinamishwa wala kugusa kona, kwa kuwa ukuta ule haujajengwa mpaka leo. Geti hilo, pamoja na meza zenu, kitinda mimba amevirithi, na anayetaka kuuliza lini, jibu analijua.

Pumzika kwa amani, Fundi, wewe hudaiwi tena.