Vikaratasi Vyenye Nyota

Efrazia: Haloo? Ni nani? Hapa kwa daktari, Tanga. Mwenyewe katoka.

Rahabu: Simtaki daktari. Ni mimi mama yako, nipo posta Lushoto.

Efrazia: Mama? Shikamoo. Kuna msiba?

Rahabu: Marahaba. Hakuna msiba. Sikiliza, karani kanipa dakika tatu. Siku ile uliyokuja kunisaidia jikoni kwa Mama Zofia, yule Mpolandi, tanuri uliliwashia nini?

Efrazia: Kuni zilikuwa mbichi, mama. Na mvua ile —

Rahabu: Uliliwashia nini?

Efrazia: Vikaratasi. Vya kwenye kisanduku cha viatu. Lakini vilishakwisha kazi, kila kimoja kilikuwa na nyota.

Rahabu: Nyota?

Efrazia: Kama kule misheni. Mwalimu akishakutia nyota kwenye kibao chako, unafuta. Kazi imekwisha.

Rahabu: Ee Mungu wangu. [simu inakwaruza] Efrazia, sanduku zima lilikuwa neno moja tu. Mkate. Miaka minne anawauliza wazee wao kule kambi ya wakimbizi, kijijini kwenu mkate mliuitaje, ili alifikie neno la mababu wa kale lililozaa hayo yote, ajue na lilikotoka. Wasomi wenzake humwambia mababu walilipata kwa Wajerumani. Yeye hataki hata kusikia.

Efrazia: Na nyota?

Rahabu: Juu ya kila kikaratasi huandika neno la mababu analolikisia, na nyota maana yake hakuna aliye hai aliyewahi kulisikia.

Efrazia: Si awaulize tena wale —

Rahabu: Wengi wameshazikwa, mwanangu. Na vijiji vyao vita vimevimaliza.

Efrazia: [analia] Kesho napanda gari hadi Mombo, nije nimwambie mwenyewe.

Rahabu: Usije. Nimeshasema ni mimi.

Efrazia: Mama, atakufuku—

Rahabu: Angenifukuza ningepumua. Aliniuliza tu, hakuna hata kimoja kilichobaki? Basi nikachekecha jivu.

Efrazia: Ukapata?

Rahabu: Kipande kama ukucha. — Ndiyo, karani, namaliza. — Huko uliko, karatasi ya watu, hata iwe imefungiwa karanga, uliza kwanza. Umesikia?

Efrazia: Nimesikia. Mama, hicho kipande kimeandikwa nini?

Rahabu: Nyota tu. Amekishika tangu jana, hata mkate hali — haloo? Efrazia? Baki sal—