Kufuli Amegoma Kula

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu, umekaliwa miaka mpaka ukang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Lilikaa barazani kwa Mama Sindano, fundi cherehani, ubavuni mwa mashine yake, na alasiri ikiingia tu, watu watatu walikuwa na haki nalo kama wamerithishwa. Wa kwanza Sajini, aliyetumikia jeshi miaka kumi na miwili, yote jikoni, ingawa hilo la jikoni alilisahau siku ile ile aliyostaafu. Wa pili Kinyozi, ambaye kibanda chake kilitazamana na benchi, na mteja akifika ilibidi aitwe kwa mluzi. Wa tatu Bucha, muuza nyama, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Aliyewatuliza kwa kahawa alikuwa Shangazi Birika, na yeye hakumkopesha mtu wala kumcheka bure. Siku hiyo hawakubishania mpira wala siasa. Walibishania mbwa aliyekuwa chini ya cherehani, sahani ya chakula mbele yake, na siku hiyo ilikuwa ya nne hajatia kitu mdomoni.

— Kwanza anaitwaje huyu? aliuliza Bucha, kana kwamba hawajaonana siku tatu mfululizo.

— Kufuli, akajibu Mama Sindano bila kuinua macho kwenye pindo la sketi.

— Basi ugonjwa tumeshaupata. Unamwita kiumbe Kufuli, halafu unataka afungue mdomo?

Benchi likacheka. Mama Sindano hakucheka. Mguu wake ulikuwa kwenye kanyagio, jicho moja kwenye sindano, jingine kwenye sahani.

Mbwa huyo alikuwa wa kaka yake mkubwa, mlinzi wa ghala la nafaka, ambaye walimzika Jumapili. Na kaka huyo hakuwa kaka wa kusalimiana tu. Mama yao alipofariki, Mama Sindano alikuwa hata meno ya utoto hayajamtoka, na kaka ana miaka kumi na minne. Kuanzia siku hiyo kaka ndiye aliyemsuka nywele, vibaya, akamtafutia sare ya shule, akampikia. Jumamosi hospitalini, saa chache baada ya kulazwa, pumzi imebaki ya kuhesabu, alimshika mkono akasema maneno machache tu: "Kufuli nakuachia wewe. Asife njaa." Hakuongeza.

Na sasa Kufuli anakufa njaa, tena barazani kwake, mbele ya uji wa moto.

Daktari wa mifugo alikuwa ameshakuja. Alimfungua kinywa, akamtazama meno, akambonyeza tumbo, akampima homa. Mbwa mzima, alisema. Maji anakunywa, na hilo ni jema. Lakini kesho asubuhi kama hajala, aletwe atundikiwe maji ya mshipa, na mbwa wa umri ule akifika hapo, alisema daktari akifunga mkoba wake, tusidanganyane.

— Madaktari wanasoma vitabu, alisema Kinyozi. Mimi nasoma kichwa. Mtazame huyu. Nywele hizi! Mbwa akifuga nywele, chakula chote kinakwenda kwenye nywele. Ameshiba kwa nje.

— Ameshiba kwa nje ndiyo nini?

— Bucha, wewe unauza nyama, hujui ngozi. Ngozi ina vitundu, vinavuta upepo. Ndiyo maana mtu mwenye kipara hula sana. Mtazame Sajini.

Sajini akavaa kofia yake.

— Nipeni nusu saa, Kinyozi akaendelea. Nampunguza pembeni, namwachia kidogo juu, nampaka poda. Atakula mpaka sahani. Wahenga walisema, ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji.

— Sasa mwenzake nani aliyenyolewa? akauliza Shangazi Birika.

— Ni mfano, Shangazi. Mimina kahawa.

Ukweli ni kwamba asubuhi ya jana yake Kinyozi alikuwa ameshajaribu. Alimchana Kufuli kwa kitana cha wateja, akamtoa kupe watatu masikioni, na hilo lilikuwa jambo la maana kuliko yote aliyowahi kufanya mwaka ule. Lakini kisha akataka kumpaka mafuta ya taa, ati kupe wasirudi, na Mama Sindano akamfukuza na mkasi. Mbwa atajilamba, akamwambia, unataka kumuua kwa sumu kabla njaa haijamaliza kazi?

Bucha akakohoa. Alikuwa na karatasi mapajani, imelowa damu.

— Dada yangu, mbwa hana shida. Shida yako ni jiko. Uji! Mbwa na uji! Mkono mtupu haulambwi. Nimemletea ini, la leo, la moyoni mwangu.

— Ini la moyoni, akanong'ona Sajini.

Bucha akaliweka ini juu ya sahani. Kufuli akainuka. Akakaa wima, miguu ya mbele imeshikamana, akalitazama ini, akamtazama Bucha, akalitazama ini tena. Mate yakamdondoka uzi mrefu mpaka sakafuni. Lakini hakusogea.

— Mnaona? Anataka!

— Anataka lakini hali, alisema Mama Sindano. Siku zote nne ndivyo anavyofanya. Anakaa hivyo hivyo, kama mtu aliyefika kwenye mlango wa watu. Akichoka, analala.

— Hilo ni ini la ng'ombe jike, Bucha akasema baada ya kufikiri. Mbwa dume ana heshima zake. Kesho namletea la dume.

— Umeshamletea mifupa ya kuku jana.

— Ya kuchemsha! Laini!

— Mifupa ya kuku ikipikwa inapasuka kama vijiti, inamchoma koo, akasema Shangazi Birika. Hata mimi muuza kahawa najua. Bahati hakuila.

— Basi ana akili kuliko aliyeileta, akasema Kinyozi.

Hapo Sajini akasimama. Alisubiri zamu yake kama mtu anayesubiri mshahara.

— Nyote mnapiga kelele za raia. Huyu ni mbwa wa kazi. Mbwa wa kazi haombwi, anaamrishwa. Samaki mkunje angali mbichi.

— Huyu ana miaka tisa, Sajini.

— Basi mkunje angali mkavu! Kufuli! Kaa!

Kufuli, aliyekuwa amekaa tangu zamani, akaendelea kukaa.

— Mmeona? Ananitii. Kufuli! Kula! Kula, nimesema!

Mbwa akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgeni anayeongea lugha yenye kelele.

— Kula, mguu sawa! Kula, geuka!

— Umemchanganya, alisema Bucha. Sasa ageuke au ale?

— Huyu amegoma, Sajini akatangaza, akaketi. Nimeona migomo jeshini. Siku ya tano wanatuma wajumbe, siku ya saba wanatoa madai. Tusimbembeleze. Mwenye njaa hana miiko, atashindwa tu mwenyewe.

— Na nani alikuwa anagoma jeshini? akauliza Shangazi Birika. Si waliokuwa wanakula chakula chako?

Benchi likaangua kicheko. Kinyozi alifuta machozi kwa taulo la dukani. Mama Sindano akasimamisha mashine. Akauinua mguu kwenye kanyagio, akainama, akampapasa Kufuli ubavuni. Mbavu zilihesabika. Mkono ulipita juu yake kama juu ya ngazi.

— Chekeni, akasema taratibu. Mimi kaka yangu hakuniachia nyumba wala shamba. Aliniachia huyu mmoja. Na neno moja, asife njaa. Nikutane naye kesho ahera nimwambie nini, kwamba Sajini alisema tusimbembeleze?

Kinyozi akazungusha kikombe chake mkononi ingawa kilikuwa kitupu.

Ndipo mgeni akafika. Alikuwa mtu wa makamo, mabega mapana, amekunja koti la ulinzi kwenye mkono kama mtu aliyebeba mtoto wa wenyewe.

— Hamjambo hapa.

— Hatujambo. Karibu.

— Samahani, mama fundi. Nimeajiriwa ghalani juzi. Wamenipa koti hili, linanibana mabega. Wamesema wewe unaweza kulitanua.

Mama Sindano akalipokea, na mikono yake ikalitambua kabla ya macho. Mfuko wa ndani ulioshonwa kwa uzi wa bluu, kwa sababu siku ile mweusi ulikwisha. Mishono miwili ya ubavuni. Mara mbili kaka alileta koti hili apunguziwe, na mara zote mbili alisema kitambaa ndicho kilicholegea. Chini ya cherehani mkia wa Kufuli ukapiga sakafu, pu, pu, pu, na pua yake ikaja mpaka kwenye mkono wa koti ikatulia hapo.

— Kumbe ndiye huyu? mgeni akauliza, akachuchumaa. Wenzangu wamenisimulia. Mbona amekonda hivi?

Wakamwambia wote kwa pamoja: nywele, ini la jike, mgomo, mwenye njaa hana miiko. Mgeni akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akautazama mkao wa mbwa mbele ya sahani, na mate, na macho.

— Huyu anasubiri, akasema.

— Anasubiri nini?

— Aambiwe. Mbwa wa ghala hafundishwi kula, anafundishwa kutokula. Wezi hutupa nyama yenye sumu juu ya ukuta, mbwa akila, asubuhi ghala tupu. Kwa hiyo tangu akiwa mdogo anawekewa chakula, akikirukia kinaondolewa, akitulia anaambiwa neno, anakula, anasifiwa hapo hapo. Kila siku, neno lile lile, mtu yule yule. Mwisho hata umwekee karamu, bila neno hali.

— Lakini mimi nilimwambia kula! Sajini akalalamika.

— Hata mwizi angemwambia kula, afande. Kila mlinzi huchagua neno lake, ambalo mwizi hawezi kulibahatisha. Mlisema mwenye njaa hana miiko? Huyu anao mmoja, na ameushika siku nne.

Akawatazama mmoja mmoja, kisha akauliza kama anayeuliza saa ngapi:

— Sasa marehemu alikuwa anamwambiaje?

Sajini akatazama viatu vyake. Bucha akakunja ile karatasi yake ya damu mara nne. Benchi lililokuwa na jibu la kila kitu, la bei ya saruji, la mwezi kupatwa, la kwa nini wanawake huishi sana, lilikaa kimya mpaka ikasikika kahawa ikichemka kwenye birika.

— Kwenye kazi yake huko sijui, alisema Mama Sindano mwishowe. Sikuwahi kwenda. Nyumbani kwake nilifika sikukuu tu.

Akajaribu. "Haya, karibu." Mbwa akatega sikio, basi. "Bismillah." Kimya. "Chukua, mwanangu." Kufuli akameza mate.

Akaketi sakafuni na koti mapajani. Hakuwa na neno jingine. Kidole chake kilipita kwenye mshono wa ubavu, ule wa pili, wa mwaka juzi, kikauhesabu bila yeye kutaka: vidole viwili huku, viwili kule. Mtu alipungua vidole vinne ndani ya koti, na dada yake fundi akaamini ni kitambaa.

Na hapo ikamjia, si kama neno bali kama sauti. Chumba kimoja, sahani moja ya bati katikati, yeye upande huu na kaka upande ule. Tonge mbili, tatu, kisha kaka anaosha mkono na kuisogeza sahani kwake. Kila siku. Alikuwa mtoto, aliamini kwamba wavulana wana matumbo madogo.

Akaisukuma sahani kwa vidole viwili, kama ilivyokuwa ikisukumwa, akasema kwa ile sauti ya kaka, ya kujali kidogo na ya kuchoka kidogo:

— Maliza tu. Mimi nimeshiba.

Kufuli hakungoja kuambiwa mara ya pili. Kichwa kilizama kwenye sahani, ini likaenda, uji ukaenda, sahani ikaanza kutembea barazani na mbwa nyuma yake, mpaka ikagota mguu wa benchi.

— Taratibu, mgeni akasema, sasa macho yanamng'aa. Siku nne si mchezo. Kidogo sasa, kidogo baadaye, na maji safi. Na msifu, mama, msifu sasa hivi, ajue hakukosea.

Mama Sindano akamsifu. Alimsifu kwa majina yote, hata ambayo si ya mbwa, uso umelowa na asijali nani anaona.

— Nimeshiba! Bucha akasema, akitikisa kichwa. Nitajie mwizi mmoja duniani atakayesema ameshiba.

— Mimi nilisema tangu mwanzo ni suala la amri, akaanza Sajini.

— Wewe ulisema mgomo!

— Na kupe niliwatoa mimi, Kinyozi akakumbusha. Angekulaje na kupe masikioni? Andikeni hilo.

Kelele zikarudi mahali pake. Shangazi Birika akainamisha birika, akalitikisa, akamimina kikombe kimoja, na mashapo yakafuata.

— Kahawa imekwisha. Hiki ndicho cha mwisho.

Kikombe cha mwisho kilikuwa cha Sajini. Sheria hiyo aliitunga mwenyewe, na mara mbili walikuwa karibu kushikana mashati kwa ajili yake. Akakipokea. Akakinusa. Kisha akamtazama Mama Sindano pale sakafuni, mkono mmoja juu ya mbavu za mbwa, koti mapajani, akainama kwa shida ya magoti yake na kumwekea kikombe mbele.

— Maliza tu, dada, akasema. Mimi nimeshiba.

Uongo ulisemwa mwingi kwenye benchi lile. Huo ulikuwa wa kwanza kupita bila mtu kuubishia.