Jua Sebuleni kwa Sagal

Benchi la Zeinab, nyuma ya soko la maziwa mjini Garissa, halina makao. Asubuhi hukaa upande mmoja wa ukuta wa duka la mbao. Adhuhuri ikipita, walioketi husimama bila kuambizana, wakalibeba kila mtu na kikombe chake mkononi, wakahamia upande wa pili ambako kivuli kimeanza kuchungulia. Wenye benchi ni watatu. Yuko Gelle, aitwaye Transfoma tangu siku alipotengeneza feni ya jirani na mtaa mzima ukazimika. Yuko Dubow, mwenye mkokoteni wa punda, aitwaye Bunge kwa kuwa hajawahi kusikia hoja asiipinge. Na yuko Zeinab mwenyewe, mwenye chupa ya chai ya maziwa ya ngamia na mwenye neno la mwisho. Siku hiyo katikati yao alikaa Mustafe, kompyuta mapajani, roho juu.

Kazi ya Mustafe, aliyojifunza kwa video za mwalimu mmoja wa mtandaoni, ni kuchora nyumba ambazo hazijajengwa. Huchora sebule ndani ya kompyuta, akaiwekea mikeka, mito na taa, kisha kompyuta ikakokotoa mwanga mpaka picha ikaonekana kama imepigwa kwa kamera. Sagal, muuza vitambaa, alitaka kuiona sebule yake kabla fundi hajatoboa madirisha. Picha mbili alikwisha kuzikataa, na kila mara alisema neno moja tu, kwamba haoni nyumba yake. Leo angekuja baada ya swala kuiona ya tatu. Baba yake Mustafe naye alikuwa amesema wazi kwamba hii nayo ikikataliwa, kijana arudi Sangailu akachunge mbuzi. Mustafe hakuwachukia mbuzi. Aliogopa tu kuwa karibu nao maisha yake yote.

Aliigeuza kompyuta wamwone. Dirisha refu, jua limemwagika juu ya mkeka wote, na taa za ukutani kila moja imezungukwa na mng'ao wa dhahabu.

— Kuna kitu hakijaiva, alisema. Semeni ukweli.

— Mwenye macho haambiwi tazama, alisema Transfoma, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Hizo duara kwenye taa umeweka wewe?

— Ndiyo, adeer, alisema Mustafe, akimwita ami. Ni mng'ao. Unafanya taa ionekane ni ya kweli.

— Mimi naziona hizo kila jioni. Daktari ameniambia ni mtoto wa jicho.

Zeinab alicheka mpaka akaweka chupa chini.

— Basi hapo ndipo ugonjwa ulipo, aliendelea Transfoma bila kutahayari. Taa zako zote ni wagonjwa. Na zina moto mwingi, waya itaungua. Weka stabilaiza pale kwenye kona.

— Stabilaiza kwa bicha? alisema Bunge, ambaye p mara nyingine humtoka b. Hiyo bicha haina stima, Gelle. Inawaka bila token. Mimi nabinga. Shida si taa, shida ni jua.

— Jua lina nini? aliuliza Mustafe.

— Hiyo jua si ya hapa. Huyo mwalimu wako wa video anakaa wapi?

— Sijui. Huko kwa theluji. Siku moja nilimwona amevaa koti mbili ndani ya nyumba.

— Umesikia? Huko jua inakuja mara moja kwa mwaka, kama gavana. Ikifika wanaifungulia milango yote, wanaitandikia mkeka, wanaipigia bicha. Wewe umechukua jua ya wageni, umeleta Garissa bila kibali. Lazima igome.

— Jua ni moja, Bunge.

— Nani alikuambia? Jua ya Lafey na ya hapa ni moja? Ya Lafey inauma kwa kisogo. Ya hapa inauma kwa kichwa yote. Kila sub-county iko na yake.

— Wallahi huyu hajasoma, alisema Transfoma.

— Nimesoma punda. Punda anajua jua kukushinda.

Zeinab alimimina chai, akaitazama picha kwa jicho la mama mwenye nyumba.

— Mimi naona chumba hakina harufu, alisema.

— Habo, hata wewe shangazi yangu? alilalamika Mustafe. Picha haina harufu.

— Ya kwako haina. Hapo ndani hakuna mtu amefukiza uunsi tangu nyumba ijengwe. Dabqaad iko wapi? Chumba bila chetezo ni stoo. Halafu husda itaingia kwa hilo dirisha lako na miguu miwili.

— Basi dirisha lizibwe kabisa, alisema Transfoma, aliyependa masuluhisho yanayozima vitu.

— Hapana, alidakia Bunge. Wahenga wanasema usiboziba ufa utajenga ukuta. Huyu si anataka kujenga ukuta? Sasa kwa nini azibe ufa? Aache ufa.

Mustafe alishika kichwa. Alikuja kutafuta ushauri, akapata stabilaiza, gavana na husda. Akapunguza mng'ao wa taa kidogo, kwa heshima ya jicho la Transfoma, akaongeza jua kidogo, kwa ukaidi wake mwenyewe. Mwalimu wa video alikuwa amesema chumba chenye jua hupumua.

Wakati huo kivuli kilikuwa kimekwisha miguuni mwao. Wote wakasimama. Transfoma akashika kichwa cha benchi, Bunge akashika mkia, Zeinab akabeba chupa, Mustafe akainua kompyuta juu kama mtoto mchanga, wakazunguka ukuta. Walipolitua benchi, Sagal alikuwa amefika, akiwa na mama mmoja mzee ambaye hawakumjua.

— Huyu ni mama yangu, Weris, ametoka Eldas jana, alisema Sagal. Ndiye atakayekaa hiyo sebule kuliko mimi. Haya, tuone.

Akaiona. Akainamisha kichwa upande huu, kisha upande ule.

— Ni nzuri, alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayekataa. Lakini sijui, Mustafe. Sijioni hapo. Labda nimpe mtu wa Nairobi.

— Ukimpa wa Nairobi huyu anaenda kwa mbuzi, alisema Transfoma, ambaye siri humkaa kama maji kwenye kikapu.

Mustafe alihisi uso unamchoma. Weris alikuwa bado anaitazama ile picha. Kisha akatazama benchi, akatazama upande walikotoka.

— Nyinyi nimewaona sasa hivi mmebeba benchi, mnakimbia jua, alisema polepole. Hapo ndani hiyo benchi mtaibeba mbeleke wapi?

Bunge alitafuta hoja ya kupinga, akaishia kupuliza chai iliyokwisha kupoa. Mustafe aliutazama mkeka wa kwenye picha, umejaa jua ukuta hadi ukuta, akaona kwa mara ya kwanza kwamba ametengeneza chumba ambacho kila mtu wa Garissa angekitoroka.

— Habo Sagal, alisema, ngoja kikombe kimoja tu cha chai.

Akazima taa zote za ukutani. Akashusha pazia zito, akaliacha wazi chini kidogo, ufa wa Bunge, mwanga ukapita mwembamba ukigusa ukingo wa mkeka tu. Kwenye kona akaweka dabqaad, makaa mekundu yaking'aa taratibu na kuupaka ukuta wekundu hafifu. Moshi wa uunsi ukapanda, ukakatiza ule mwanga wa chini ya pazia, ukaonekana. Kompyuta ikaanza kukokotoa. Picha ikaja na chembechembe kama iliyopigwa na vumbi, kisha vumbi likatulia, na pale palikuwa na adhuhuri yenye ubaridi.

Zeinab alivuta pumzi kwa pua, bila kujijua.

— Hooyo, waonaje? aliuliza Sagal.

Weris alikuwa ameketi ukingoni, amesogea karibu na kioo, na chini ya benchi miguu yake ilikuwa imekwisha kuvua ndala, ikazipanga pembeni, kama afanyavyo mtu anayetaka kukanyaga mkeka wa watu.

Sagal aliziona zile ndala. Akacheka, akainua kikombe chake.

— Mustafe, alisema, mwambie baba yako mbuzi watafutiwe mtu mwingine.