Mkanda Ambao Harrison Hakuutupa

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na sita ya kuonyesha filamu katika ukumbi wetu mdogo wa Madinat Sultan Qaboos, Bwana Harrison Omwenga anastaafu.

Alikuja kutoka Kisii kama fundi wa viyoyozi. Mwonyesha filamu wa zamani alipougua, Harrison alipanda chumba cha mtambo kumshikia kazi kwa siku tatu. Hakushuka tena.

Wengi mnamjua kwa utaratibu wake, na kwa chai yake ya tangawizi ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa. Wachache wanajua kwamba aliwahi kuhatarisha kibarua chake. Miaka tisa iliyopita, mudiri mpya, yaani meneja wetu, Bwana Loai, aliagiza mikanda ya zamani itupwe, maana filamu zilikuwa zikija kwa kompyuta. Miongoni mwayo ilikuwamo filamu ya mapenzi ya mwaka 1929, isiyo na sauti, ya mke anayemngoja mume aliyekwenda mbali kutafuta riziki. Harrison, aliyekuwa akionana na mkewe Carol mwezi mmoja tu kwa mwaka, aliomba aionyeshe kwanza.

“Ukumbi ukiwa mtupu, mikanda inatoka,” mudiri alimwambia, “na wewe unatoka nayo.”

Alikubali. Kwa wiki saba aliunganisha vipande vilivyokatika, kimoja kimoja. Maandishi ya filamu yalikuwa ya Kifaransa, lugha aliyoisomea chuoni mwenzetu Balqis wa mapokezi. Wazee wake Balqis walitoka Unguja, basi siku ya onyesho, Ijumaa alasiri, akasimama kando ya pazia, akayasoma kwa Kiswahili cha kwao: “Nimekungoja hata sijui nna umri gani.”

Viti vyote vilikuwa vimejaa. Bibi mmoja wa safu ya mbele akamjibu yule mke pale paziani: “Mngoje tu, mwanangu. Yuko njiani.” Watu walicheka huku wakifuta macho.

Bwana Loai alipanda ngazi, akamkuta Harrison ameuelekea ukuta, analia. Alimletea maji, na Jumapili akaagiza kabati la baridi la kuhifadhia mikanda.

Filamu ile sasa huonyeshwa kila mwaka, na Fatumah Nabatanzi, atakayeshika nafasi ya Harrison, amefundishwa mtambo mpaka anaujua kwa mlio wake.

Ahsante, kaka Harrison, kwa mikono yako na subira yako. Tunakuombea afya na miaka mingi nyumbani na Carol. Tiketi tuliyokukatia safari hii haina tarehe ya kurudi.