Mwisho wa Hadithi ya Salesio

Risala ya waandishi wa Meru na Embu kwa Bwana Afisa wa Habari, mwaka 1957

Mgeni rasmi, Bwana Afisa wa Habari, Chifu wetu, Padre, akina mama na akina baba mlioacha kahawa shambani mkaja kutusikiliza:

Karibu

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi wenyeji tumekungoja tupone tangu mwaka jana, kwa hiyo karibu sana, Bwana, na ukae vizuri. Anayesoma ni Thuranira, mwenyekiti wetu. Tulimchagua kwa sababu sauti yake haitetemeki upesi. Maneno ni yetu sote.

Kwa kawaida risala hupelekwa kwanza ofisini kwako ikapitiwe. Hii hatukuileta. Utaona kwa nini.

Tulikotoka

Chama chetu kilianzia katika hoteli ya Mzee Warsame, hapa mjini Meru, kwenye meza ya nyuma karibu na jiko. Tulikuwa walimu, mkulima mmoja, fundi cherehani, na Warsame mwenyewe, ambaye haandiki lakini akisikia hadithi mbovu hakupi chai. Wenzetu wa Embu hawawezi kuja huku bila pasi, na tangu Hali ya Hatari itangazwe pasi zimekuwa adimu kuliko maziwa ya kuku. Basi hadithi zao huja kwa lori la Warsame, juu ya magunia ya sukari. Nyingine hufika zikinuka petroli. Tunazisoma hivyo hivyo.

Desturi yetu tumeirithi kwa mama zetu: kulimiana. Leo kwako, kesho kwangu. Mtu akiandika hadithi haipeleki mbele ya watu mwenyewe. Humpa mwenzake aipalilie, na aliyepalilia ndiye huipeleka na kuisifu, maana mwenye shamba hajisifii mahindi. Mpaliliaji ana ruhusa ya kung'oa. Hana ruhusa ya kupanda. Akitaka neno jipya liingie, hadithi hurudi kwa mwenyewe, hata kama ni safari nyingine nzima ya lori mpaka Embu. Hivyo tunasaidiana, na bado kila mtu anabaki na shamba lake.

Mafanikio

Tumeandika sana, Bwana, na ofisi yako imepitia kila kitu. Tulileta hadithi ya fisi. Tukaambiwa fisi ni homugadi, wale mgambo wenu wa vijijini. Tukamgeuza chui. Tukaambiwa chui anakaa msituni, na msituni wanakaa watu mnaowatafuta. Tukaleta jogoo. Jogoo akapita, ila asiwike alfajiri, kwa kuwa alfajiri bado ni saa za kafyu. Wengine hapa wanacheka. Karani wako hacheki, anaangalia viatu vyake, kwa sababu anajua hatuongezi chumvi. Mwishowe tukaandika habari za matuta ya kuzuia mmomonyoko, mliyotuagiza wenyewe. Nazo zikarudi. Shujaa wetu alikuwa ameshika panga.

Hata hivyo tulipata jambo moja kubwa. Katika mashindano yenu ya hadithi mwaka huu, wa kwanza alikuwa mwenzetu, Salesio Nyaga wa Embu. Zawadi ni taa ya karabai, ile pale mezani. Siku tuliposikia, Warsame alitoa chai ya bure, jambo ambalo halijatokea tena.

Salesio hayupo hapa leo. Ofisi moja ya serikali ilimpa ushindi, na nyingine ikamnyima pasi ya kuja kuupokea.

Taabu yetu

Taabu ni nyingi, lakini leo tutasema moja.

Hadithi ya Salesio ni fupi. Mama mmoja, katika kijiji kilichozungushiwa handaki, ameinjika chungu cha nduma. Askari wanaingia. Wanataka awataje majirani wanaopeleka chakula msituni. Wanamwuliza mara tatu. Mpaliliaji wake alikuwa Cicily Karwirwa, mwalimu kutoka Kiirua, yule pale mbele mwenye kitambaa cha kijani. Aling'oa sentensi mbili tu, akaileta mwenyewe ofisini kwako.

Karani akamwuliza, "Mwalimu, ofisi ikipitisha mkono kidogo, mwenyewe atakataa?"

Karwirwa akacheka. Kwetu hakuna hadithi isiyopita mkononi mwa mwingine. "Atakataa aje?" akajibu. "Si hiyo ndiyo kazi?" Haikumwingia akilini kwamba kuna mtu utampa shamba apalilie, naye apande.

Gazeti lenu lenye hadithi iliyoshinda lilipotoka, alilifungua palepale barabarani. Jina lilikuwa la Salesio, maneno ya Salesio, mpaka aya ya mwisho. Hapo mama akasimama, akanyoosha kidole kwenye nyumba ya jirani, na chifu akampa blanketi jipya. Karwirwa akasoma tena, akidhani ameruka mstari. Kisha akaketi kwenye ukingo wa mtaro, na koti lake la Jumapili, watu wakimpita.

Juma lililofuata, kule kijijini kwa Salesio, jirani yake Mutembei alichukuliwa na askari. Huyo ni mtu wa nyama na damu, Bwana, si wa hadithi. Salesio hakuwa amemtaja kwa yeyote. Lakini gazeti lilikuwa limesomwa kwa sauti kisimani, na watu wakasema lisemwalo lipo.

Karwirwa akampelekea karatasi za kuandikia, kama siku zote. Warsame akarudi nazo.

"Mwalimu, wallahi mimi nimejaribu," alisema. "Amekataa. Ati usitume tena. Ati pale hata maji wanapewa na mvua peke yake."

"Na mke wake?"

"Moto hapewi na mtu. Akifika kisimani, hao wengine wanabeba mitungi, wanaenda."

"Ulimwambia si sisi tuliandika huo mwisho?"

"Nilimwambia. Anajua. Shida ni hao majirani hawajui, na hawatamuuliza. Na mwalimu, wale watu wa msitu pia wanasoma gazeti."

Karwirwa alikuja ofisini kwako. Akaambiwa mhusika yuko safari. Akaja tena, akaambiwa mwisho ule ni mzuri zaidi kwa raia. Alipokataa kuondoka akaambiwa, "Mama, mbona unajisumbua? Hiyo ni hadithi tu." Sasa sisi tunauliza: kama ni hadithi tu, nyinyi mlijisumbua nini kuibadilisha?

Tangu siku hiyo Karwirwa hajapalilia kazi ya mtu. Ukimpa anaishika, anaitazama, anakurudishia. Anasema mikono yake imeuza rafiki. Tumemwambia si kweli, hasikii. Kwa hiyo mmetunyang'anya wawili kwa aya moja. Tuna hasira, Bwana. Tunasema wazi leo, maana tumechoka kuificha hasira yetu ndani ya jogoo.

Ombi

Hatuombi mashine ya chapa wala kabati la vitabu, ingawa vyote tunavihitaji. Ombi ni hili: mwisho wa Salesio uchapishwe katika gazeti lile lile, ukurasa ule ule, na iandikwe wazi kwamba ule mwingine ni wa ofisi. Usomwe kisimani kama ule wa kwanza ulivyosomwa.

Taa tunairudisha. Hatujaiwasha. Mtu aliyenyimwa moto na majirani, ukimpelekea taa ya serikali inayomulika kijiji kizima, umemmaliza.

Na ili isisemwe kesho kwamba mwisho wenyewe umepotea, utasomwa hapa. Kwa desturi yetu msomaji ni mpaliliaji. Mwalimu Karwirwa, tafadhali simama. Tuko nyuma yako.

*"Wakamwuliza mara ya tatu. Mama akafunua chungu, akachoma nduma moja kwa kijiti. 'Zimeiva,' akawaambia. 'Kama mna njaa, kaeni mle.'"*

Basi. Hadithi inaishia hapo. Asante, mwalimu, keti.

Kufunga

Mungu akujalie safari ya salama mpaka kwako, Bwana. Awape maji watu wa nyumba ya Salesio, na amlinde Mutembei popote alipowekwa.

Tunajua kwamba risala isiyopitiwa na ofisi ni kosa. Tulilijua tulipoiandika, na kila mmoja aliipalilia, kwa hiyo usihangaike kutafuta ni ya nani. Ulipoingia ukumbini ulitazama vifurushi vilivyo chini ya viti vyetu, ukamwuliza karani kuna nini. Hakujua. Mama wa hadithi ya ofisi yako alipewa blanketi kwa kunyoosha kidole. Sisi tumekuja na mablanketi yetu kutoka nyumbani, ya kulalia huko mtakakotupeleka.

Ni sisi, Chama cha Kulimiana cha Waandishi wa Meru na Embu, Salesio Nyaga akiwemo.