Binamu Boga na Ubeti wa Tatu

Wasifu wa marehemu Odell Ray Maddux (1938–2017), umeandikwa na kusomwa na mdogo wake, Verna Maddux Yocum, katika Kanisa la Kibaptisti la Tull Creek, Missouri, Jumatano tarehe 25 Januari 2017.

Naomba nisome nimekaa. Mchungaji Lasley ameniletea kiti, Mungu ambariki, maana miguu hii imesimama nyuma ya gitaa kubwa la besi kwa misimu arobaini na tisa na sasa imegoma. Kijitabu mlichoshika kilichapwa Jumatatu, kabla sijaandika haya. Ndiyo maana wasifu umo kwenye karatasi ya peke yake iliyochomekwa katikati. Mtaona pia kwamba ukurasa wa mwisho umeandikwa "Kengele: Verna". Hilo sikuulizwa. Nitalifikia.

Marehemu Odell alizaliwa tarehe 9 Machi 1938, nyumbani, maili nne kutoka hapa, mtoto wa kwanza wa Hobart na Ila Maddux. Baba alikuwa mpasua mbao. Mama alisema mtoto alitoka akiwa ananuna, akanuna wiki mbili nzima, na baada ya hapo hakununa tena mbele za watu. Mimi nilimfuata mwaka 1941.

Alisoma katika shule ya chumba kimoja ya Tull Creek mpaka darasa la nane, mwaka 1952. Mwalimu wetu, Bibi Opal Crabtree, alimpa asome Zaburi kwenye sherehe ya Krismasi ya mwaka 1947, humu kanisani. Odell aliikariri mwezi mzima, akaikariri mpaka kuku wetu wakaijua. Siku yenyewe alifika mstari wa tatu, kifungo cha mkanda wa begani kikakatika, suruali ya kurithi kwa binamu ikashuka mpaka miguuni. Kanisa zima liliangua kicheko. Na baba, ambaye hakuwa amecheka tangu msumeno ulipomla vidole viwili, alicheka mpaka akatoka nje kushika ukuta. Odell aliipandisha suruali kwa mkono mmoja, akasoma Zaburi mpaka mwisho, hakuna aliyesikia hata neno. Njiani kurudi aliniuliza, "Verna, umemwona baba?" Nikamwambia nimemwona. Akasema, "Basi." Alikuwa na miaka tisa.

Baada ya shule alipasua mbao na baba, akaenda jeshini mwaka 1957, akarudi 1959 na gitaa alilonunua Ujerumani. Mwaka 1960 tulianza kuimba pamoja kwenye redio moja ya Springfield, Jumamosi asubuhi, yeye gitaa na mimi besi. Msidhani hakuwa na sauti. Alikuwa na sauti nzuri kuliko wote waliowahi kupita kwenye redio ile, nami sisemi hivyo kwa kuwa nipo mbele ya jeneza lake. Lakini tarehe 4 Mei 1963 Bwana Clete Hargis alifungua jukwaa kwenye ghala lake la nyasi kando ya barabara kuu, kwa ajili ya watalii wanaokuja kuvua samaki ziwani. Waimbaji alikuwa nao watano. Alichokosa ni mchekeshaji.

"Kila onyesho lina mjinga wake," Bwana Hargis alimwambia. "Watu wakikosa mjinga hawarudi. Wewe una sura, Odell."

"Sura ya nini?"

"Usinilazimishe niitaje mbele ya dada yako."

Hivyo ndivyo alivyozaliwa Binamu Boga. Ovaroli ya kuwatosha wawili, kofia iliyokunjwa ukingo juu, kiatu kimoja cha kahawia na kingine cheusi, na jino la mbele lililopakwa nta nyeusi lionekane pengo. Mwaka 1979 jino lenyewe lilitoka kweli, akafurahi kwamba nta haitahitajika tena. Mimi nilikuwa mwenye akili. Nilivaa gauni safi, nikauliza maswali, na pembeni ya besi yangu ilining'inia kengele ya ng'ombe wa baba.

Kazi yetu ilikuwa hivi, na wenzetu waliopita jukwaani wanaijua. Mimi nauliza, yeye anajibu nusu, ananyamaza, anamalizia, mimi nagonga kengele. Watu wakisikia kengele wanajua ni ruhusa ya kucheka. "Boga, daktari kasemaje?" "Kasema niache vya kukaanga." "Umeacha?" Hapo ananyamaza, anatazama dari. "Nimeacha daktari." Kengele. Na kwenye nyimbo zake za vichekesho, za nguruwe na mama mkwe na kadhalika, ilikuwa hivyo hivyo: mwisho wa ubeti Boga anakwama, anameza mate, mimi nagonga. Mara mbili kwa siku, siku sita kwa wiki, Aprili mpaka Oktoba. Ikafika mahali sikuwa nasikiliza maneno tena. Mkono ulikuwa ukisikiliza ule ukimya tu.

Marehemu alifunga ndoa na Arlene Stubblefield tarehe 17 Juni 1961, katika kanisa hili. Arlene mwenyewe alipenda kusimulia posa ilivyokuwa. Odell alimfuata kwenye banda la kuku la baba yake, akamwambia, "Arlene, nataka nikuoe." Arlene alicheka mpaka kapu la mayai likamponyoka. Odell naye akacheka, akamsaidia kuokota maganda, akaenda zake. Wiki tatu hakumgusia tena. Mwishowe Arlene akaja nyumbani kwetu mwenyewe, akasimama mlangoni, amekunja mikono.

"Odell, lile neno la kwenye banda la kuku. Ulikuwa unatania?"

"Ukitaka nilikuwa natania, basi nilikuwa natania."

"Sitaki."

"Basi sikuwa natania."

Waliishi pamoja miaka arobaini na miwili, wakajaliwa mabinti wawili, Nadine na Twyla. Arlene alifariki tarehe 2 Novemba 2003, kwa saratani. Kwenye mazishi yake Odell alisimama kusema neno, akafungua mdomo, na watu wa benchi la nyuma, watu wazuri tu, wakaanza kutabasamu kabla hajasema kitu. Walikuwa wanasubiri. Alikaa chini. Sijawahi kulisema hili, ila nililiona, na wengine wenu mliliona pia.

Majira ya baridi yale aliandika wimbo kwenye meza ya jikoni. Unaitwa "Aproni Msumarini". Ubeti wa kwanza unaieleza aproni ya Arlene, yenye unga wa biskuti mfukoni, ilivyoning'inia nyuma ya mlango. Wa pili unasema nyumba nzima imesafishwa na mabinti, isipokuwa msumari ule, hakuna aliyethubutu. Beti zote zilikuwa tatu. Aliniimbia ule wa kwanza kwenye simu, nikalazimika kukaa kwenye sakafu.

Alimwendea Bwana Hargis, akamwomba auimbe bila ovaroli. Mzee Hargis alisitasita, kisha akampa onyesho la saa tisa alasiri, Jumatano tarehe 12 Mei 2004. Odell alivaa shati jeupe, akachana nywele, akaweka meno ya bandia. Akawaambia watu mia tatu na kitu, "Jina langu ni Odell Maddux. Huu ni wa mke wangu." Na walitulia, jamani. Nawaambia walitulia. Ubeti wa kwanza ukapita, mama mmoja mstari wa mbele akatoa kitambaa. Ubeti wa pili ukafika mwisho. Hapo akakwama, kwa kweli safari hii. Akanyamaza, akameza mate.

Nami nikagonga kengele.

Sikufikiri. Mkono ulisikia ukimya wake ukaenda wenyewe, kama ulivyokwenda miaka arobaini na moja. Ghala zima lililipuka kwa kicheko. Hata mama wa kitambaa alicheka, akijiona alivyodanganywa vizuri. Odell aligeuka akanitazama. Halafu, kwa mkono mmoja, akapandisha suruali ambayo haikuwa inashuka, akamalizia onyesho kwa sauti ya Boga. Ubeti wa tatu hakuuimba.

Nilimkuta chumba cha kubadilishia nguo, akifuta jasho. Nikamwambia, "Kaka, nisamehe. Nisamehe, mkono tu."

"Nikusamehe nini?" akasema. "Umegonga palepale. Hujawahi kukosea hata mara moja, Verna."

Ningependa hadithi iishie hapo, lakini haikuishia. Kesho yake watu walipiga simu kuuliza kama ule wimbo wa aproni na kengele utakuwepo. Bwana Hargis aliuweka katika onyesho, akauhamishia mwisho kabisa, na Odell hakukataa. Alisema watu wamesafiri mbali. Kwa hiyo misimu minane, mpaka tulipostaafu tarehe 29 Oktoba 2011, kaka yangu aliimba habari za aproni ya marehemu mkewe akiwa na ovaroli, nami nikagonga kengele mwisho wa ubeti wa pili, watu wakacheka, pazia likafungwa. Ndio wimbo mnaoupenda kuliko zote. Jana wakati wa kumuaga marehemu watu kumi na mmoja walinishika mkono wakaniuliza, kwa upendo, "Verna, kesho utatugongea kengele?" Nilitikisa kichwa tu. Nilikuwa nimechoka. Bado nimechoka.

Kuhusu ugonjwa: mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2013. Vumbi la mbao, madaktari walisema, na moshi wa sigara za watu wengine kwenye kumbi. Alitembea na mtungi wa oksijeni aliouita mke wa pili, kwa sababu, alisema, haumwachi aende peke yake popote. Kuanzia Krismasi hakutoka kitandani. Mabinti walishika zamu ya usiku, mimi mchana.

Jumapili tarehe 15 Januari nilikuwa namlisha supu ya maharage. Akasukuma bakuli, akaanza kuimba. Sauti ilikuwa imebaki kidogo sana. Aliimba ubeti wa kwanza, akaimba wa pili, polepole, na mwisho wa wa pili pumzi ikakatika. Akanyamaza. Nikaona mkono wangu uko hewani, umeshika kijiko, juu ya bakuli. Naye akauona. Akaanza kucheka kile kicheko chake kisicho na sauti, mabega tu.

"Shikilia hapohapo, Verna."

"Nimeshikilia, kaka."

"Usishushe."

"Sishushi. Imba."

Nilikishikilia kijiko mpaka bega likauma. Akavuta hewa kwenye mpira wa oksijeni, mara tatu, mara nne, kisha akaimba ubeti wa tatu, wote. Ubeti wa tatu unarudi kwenye banda la kuku. Unasema mayai yalivunjika na wewe ukacheka, nami nikacheka nawe, ila sikuwa natania, Arlene, hata siku ile sikuwa natania. Alipomaliza alifumba macho. Akasema, "Kumbe wimbo una mwisho." Nikaweka kijiko chini, kwenye blanketi, kisilie.

Marehemu alifariki nyumbani kwake Jumamosi tarehe 21 Januari 2017, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Nadine, Twyla na mimi tulikuwepo. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minane.

Ametanguliwa na wazazi wake, mkewe Arlene, na shemeji yake, mume wangu Lonnie. Ameacha mabinti wawili, Nadine Crouch wa Harrison, Arkansas, na Twyla Maddux wa Springfield, wajukuu wanne, dada mmoja, na mbwa mzee asiyemsikiliza mtu yeyote, anayetafuta pa kwenda. Baada ya maziko kina mama wa kanisa wamewaandalia chakula kule chini, nyama ya nguruwe, viazi na pai. Mle mshibe, naye angesema hivyo.

Sasa ile kengele. Msiitafute. Jana nilipobaki naye peke yangu niliiweka jenezani, miguuni pake, nimeijaza soksi ndani isilie njiani. Mjukuu wake Kaylin anakuja kuimba "Aproni Msumarini", wote, kama ulivyoandikwa. Amejifunza kwangu. Mwisho wa ubeti wa pili atanyamaza, kwa sababu babu yake alinyamaza hapo. Najua miili yenu, nimeifundisha mwenyewe miaka yote hiyo. Itataka kucheka. Nawaomba mshikilie. Mikono yangu hii hapa, yote miwili, nimeikalia.

Njoo, Kaylin.

Apumzike kaka yangu, na safari hii amalize.