Mwalimu Bilha Jesang, Aliyekimbia Akinyonyesha

Wachungaji, wazee, walimu wenzake, wanariadha, na nyote mliofika hapa Singore kutusindikiza: asanteni. Mimi ni Salome, dada yake Elkana na wifi yake marehemu. Familia imenipa kazi hii kwa sababu, wanasema, nina mdomo. Sawa. Leo nitautumia kumshukuru Mungu, maana alitupa mtu na tumekaa naye karibu miaka thelathini.

Bilha Jesang alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 kijijini Kaptarakwa, Keiyo Kusini, akiwa mtoto wa tano wa marehemu Mzee Chebii na marehemu Mama Tapsubei. Kwao walikuwa watu wa kondoo na viazi. Hakuna aliyekimbia katika ukoo ule isipokuwa kondoo akitoroka.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini na kufanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1985. Akaendelea na sekondari ya bweni hadi 1989, kisha Chuo cha Ualimu cha Tambach, alikohitimu mwaka 1992. Shuleni alicheza netiboli, tena mlinda goli, yule asiyetoka mahali pake. Nasema hivi kwa ajili ya wageni wetu wanaodhani huku tunazaliwa na viatu vya mbio miguuni.

Januari 1993 aliajiriwa katika shule ya msingi hapa Singore, na hapo ndipo alipofundisha hadi ugonjwa ulipomtoa. Alipenda darasa la kwanza. Mara mbili alitakiwa kupandishwa madarasa ya juu, akakataa. Mwalimu mkuu alipomuuliza sababu, alijibu: "Mwalimu, wale wa juu wanajua kila kitu. Mimi watanifanyia nini?" Nusu ya vijana waliobeba jeneza leo walifundishwa naye kushika penseli. Wengine bado wanaandika vibaya, lakini hilo si kosa lake.

Tarehe 9 Desemba 1995 alifunga ndoa na kaka yangu, Elkana Kimitei, dereva wa lori la maziwa. Mungu aliwajalia watoto watatu: Dorcas, Ezra na Naomi. Mbio zilimjia akiwa tayari mama wa wawili. Mwaka 2001, katika michezo ya walimu, timu yetu ilikosa mtu wa mita elfu kumi. Bilha akasukumwa uwanjani akiwa na raba zake za kazini, akatoka wa pili. Jioni hiyo Elkana alikuja kwangu kama mtu aliyeibiwa. "Salome, nimeoa nani?" Nikamwambia, "Hata wewe hujui? Basi ngoja, utaambiwa." Baada ya miezi michache Bilha alikuwa anakimbia alfajiri na kikundi cha hapa, kabla ya kengele ya shule.

Naomi alizaliwa Januari 2004, na hapo nyumba ikapata moto. Mwaliko ulikuwa umefika wa mbio za marathoni nchini Ureno, za mwezi Novemba. Ulikuwa mwaliko wake wa kwanza wa ng'ambo, akiwa na miaka thelathini na mitatu, na kila mtu alijua hautarudi. Elkana alikuwa akiondoka na lori kila siku kabla ya jua. Mtoto alikuwa ananyonya. Mama yetu, Kobilo, ambaye nyote mnamwita Kogo, yaani bibi, alikuwa amesema lake na halikuwa na nyongeza. Aliamini maziwa ya mwanamke aliyekimbia yamepata moto, na mtoto akiyanyonya ataharisha. Nilikuwepo jikoni jioni ile.

"Jesang, chagua," Mama alisema. "Mtoto au barabara."

Bilha alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka. "Mama, ulipokuwa ukishuka bondeni Kerio kufuata mbuzi, Elkana alikuwa wapi?"

"Mgongoni. Angekuwa wapi?"

"Na ile njia ya kupanda kurudi, ilikuwa fupi?"

"Wee! Wacha maneno. Ulishawahi kuipanda?"

"Na jasho?"

"Jasho lilikuwa linatiririka mpaka kwa visigino."

"Sasa Mama, alikuwa ananyonya nini, soda?"

Mimi nilicheka mpaka nikatoka nje. Mama hakucheka. Alikula ugali wake, akaenda kulala bila kusema usiku mwema, na sisi tuliobaki tukajua mambo yameharibika. Bilha alilia kidogo. Aliniambia kwamba Mama akikataa kabisa ataacha mbio, kwa sababu hawezi kukimbia huku nyumba imemnunia. Na nilijua angeacha kweli, na nilijua ingemkausha.

Asubuhi iliyofuata kikundi kilipofika kwenye kibanda cha kukusanyia maziwa, ambako hugeuka na kurudi, walimkuta bibi mmoja amesimama kando ya barabara na mtoto mgongoni. Vijana wakaanza utani wao. "Kogo, leo umeshika zamu ya maji?"

"Ya maji nimewaachia nyinyi," akasema Mama. "Mimi nimeshika ya maziwa. Jesang, kaa hapa. Kausha jasho kwanza. Hayo ya mwanzo mwaga chini, halafu umpe."

Bilha alikaa kwenye jiwe, akafuta jasho, akamwaga ya mwanzo kama alivyoagizwa, akamnyonyesha Naomi. Vijana wanaosema hawamngojei mtu walijinyoosha misuli wakitazama pembeni kwa heshima mpaka alipomaliza. Ikawa hivyo kila asubuhi ya mbio ndefu, mvua au baridi. Mama hakueleza kwa nini alibadili nia, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Naomi hakuharisha hata siku moja, na kwa jambo hilo Mama alichukua sifa zote.

Novemba Bilha alikwenda Ureno. Naomi alibaki na Kogo akila uji. Aliyeshinda mbio zile hakuwa wetu. Wetu alitoka wa nne. Mnajua desturi yetu: mursik, maziwa yetu ya mgando, hupelekwa njiani katika kibuyu kumlaki aliyeshinda. Wa nne hupewa chai nyumbani kwake kama mtu mwingine. Sasa lori la Elkana lilipofika njia panda likimleta Bilha kutoka Eldoret, Mama alikuwa pale, amevaa kitambaa chake cha kanisani, kibuyu mkononi. Wanaume wa pale dukani wakaangua kicheko.

"Kogo, kwani siku hizi hata nambari nne ananyweshwa mursik?"

Mama aliwageukia polepole. "Wale watatu mbele yake, nani alikuwa ananyonyesha?"

Mmoja akajifanya kutafuta chenji mfukoni.

"Nauliza. Nani?"

"Hatujui, Kogo."

"Basi kati ya wanaonyonyesha huyu ni nambari moja. Sogeeni, apite."

Bilha alikunywa akilia, maziwa na machozi yakachanganyika kidevuni, na Elkana akapiga honi mpaka mbwa wakaanza kubweka.

Nisiwadanganye kwa sababu ni mazishi: marehemu hakushinda marathoni hata moja. Alikimbia saba, akastaafu mwaka 2011. Lakini akina mama wengine walianza kuleta watoto wao pale kibandani, na kuna asubuhi Kogo alikuwa na watoto watano juu ya blanketi moja, anawaimbia na kuwagombeza kwa zamu. Bilha aliwafunza hao mama bila malipo, na wa kwanza kufukuzwa naye barabarani alikuwa yule aliyerudi mapema mno baada ya kujifungua. "Nenda nyumbani ukalale," alimwambia, "barabara haina miguu, utaikuta." Tunamshukuru pia Elkana, aliyejifunza kupika ugali. Una madonge mpaka leo, lakini watoto walishiba.

Februari mwaka huu wa 2024 Bilha alianza kupungua mwili. Mwezi Mei madaktari mjini Eldoret walikuta saratani ya ini. Walimtibu kwa moyo wote, na tunawashukuru. Agosti aliomba kurudishwa nyumbani. Mama, mwenye miaka themanini na minne, alikataa mtu mwingine amwogeshe. Siku moja Bilha alimwambia, "Mama, umechoka. Mwache Salome anifanyie." Mama akamjibu, "Nikikuacha niende wapi? Lala, nisugue mgongo." Siku zile ziliniuma, nami nisingekubali kuzikosa.

Alitutoka Jumatano tarehe 16 Oktoba 2024, asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka hamsini na mitatu. Elkana alikuwa amemshika mkono.

Ameacha mume, Elkana, watoto Dorcas, Ezra na Naomi, wajukuu wawili, ndugu zake wa Kaptarakwa, mimi wifi yake, na darasa zima la kwanza ambalo bado linauliza atarudi lini. Juzi nilimsomea Mama wasifu huu kabla haujapelekwa kuchapwa. Nilipofika hapa nilikuwa nimeandika kwamba marehemu amemwacha mama mkwe, Kobilo. Akanisimamisha.

"Mkwe ni nani?"

Nikamwambia, "Si wewe, Mama?"

"Mimi nimefiwa na mtoto," akasema. "Andika hivyo."

Nimeandika, Mama. Mungu amlaze pema mke wa kaka yangu, binti wa mama yangu.